Hiyo Mtungi Iko na Mwenyewe

Wiki iliyopita nilifungua mfereji jikoni kwa dada yangu, kule mtaani tulikolelewa pembeni mwa mji wa Kericho, na maji yakatoka papo hapo. Nikasimama kuyaangalia yakimwagika mpaka dada akanifokea, "Wewe, unaharibu maji!" Hakujua mawazo yangu yalikuwa wapi.

Rafiki yangu, kama hukukulia kwetu utacheka. Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri, lakini maji ya kunywa tuliyapangia foleni. Mtaa mzima ulikuwa na mfereji mmoja juu ya jukwaa la simiti, na ulifunguliwa asubuhi tu. Mtungi wako wa plastiki ulilala pale kwenye laini ukikushikia zamu, wewe ukienda kukamua ng'ombe au kuwasha moto, na hakuna aliyethubutu kuuondoa. Nakumbuka harufu ya majani chai yakikaushwa kiwandani, moshi wa kuni, na akina mama wakipiga gumzo kwa Kipsigis, kwa Kikuyu na kwa Kiswahili chetu cha kuokoteza. Aliyekuwa na mgonjwa nyumbani alijulikana pale. Aliyelala njaa pia.

Nyanya yangu, tuliyemwita kogo, alipenda mtungi wake ufuatane na wa Mama wa Viazi. Huyo alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Watu wake walikuwa Wakikuyu wa Nyeri, naye aliuza viazi na vitunguu sokoni. Kogo alimpa mursik, maziwa yetu ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, naye akatuletea mukimo wa viazi vya kuponda, wa moto, uliofunikwa kwa sahani. Na kutaniana je! Kogo alidai mukimo ni chakula cha wasio na meno, na mwenzake akasema mursik ni majivu yaliyotiwa maziwa.

Kisha ukaja ule mwaka wa vurugu za uchaguzi. Watu waliozoea kusalimiana wakaanza kuangaliana kwa kabila tu. Asubuhi moja Mama wa Viazi alipakia watoto kwenye lori, akafunga mlango kwa kamba, akaenda bila kuaga. Mtungi wake wa manjano ukabaki kwenye laini.

Nilidhani utaibiwa. Lakini kogo aliusogeza mbele pamoja na wake, akaujaza, akaenda kunyunyizia vitunguu vya jirani nyuma ya nyumba yake, maana kiangazi kilikuwa kimeingia, kisha akaurudisha mahali pake. Kesho yake vivyo hivyo. Na kesho kutwa. Mwanamume mmoja wa mtaani akamwambia mbele ya watu wote auondoe, kwa sababu huyo mama harudi tena. Siku hizo maneno kama hayo hayakuwa mzaha, na mimi niliogopa. Kogo hakumtazama hata usoni.

"Usiguse," alisema. "Hiyo mtungi iko na mwenyewe."

Mahindi yalikuwa yamekomaa Mama wa Viazi aliporudi, na alikuja kuchukua sufuria zake tu. Alipopita mferejini akauona mtungi wake, ule ule, nyuma ya wa kogo. Akaganda. Kogo akamfokea, "Ulikuwa wapi? Nusura zamu yako ipite!" Jamani, yule mama alicheka na kulia kwa pamoja, akakaa chini kwenye simiti yenye maji na gauni lake zuri. Sufuria hazikwenda popote. Baada ya wiki chache watoto wake walikuwa wamerudi kucheza nasi.

Miaka ikapita, kogo tukamzika, na mtaa ukachakaa kweli kweli. Serikali ilipokubali kuufufua, haikuja na ile pesa ya kukata utepe na kupotea. Ilisema italeta kidogo kidogo kwa miaka mingi, na wenyeji wenyewe ndio waamue kuanze nini. Nilikuwepo kwenye mkutano, ukumbini kanisani. Watu walitaka maji ndani ya nyumba, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mama wa Viazi, maana mgongo wake uliujua uzito wa mtungi. Kisha akaomba kitu kimoja. Jukwaa likivunjwa, pajengwe benchi.

Kijana mmoja akauliza kwa heshima, "Shosho, benchi ya kungoja nini na maji iko kwa nyumba?"

"Ya kungojana," akajibu.

Watu walicheka, lakini walikubali, na pesa ya mwaka uliofuata ilipofika benchi likajengwa. Ni zuri, lina paa. Juzi nililikalia peke yangu asubuhi nzima. Sitakudanganya: nisingependa binti yangu abebe mtungi nilioubeba mimi. Lakini milango yote ilikuwa imefungwa, na kila mtu alikuwa na maji yake.

Nikaenda kumwamkia Mama wa Viazi. Nyumba ina kufuli, na nyasi zimeota mlangoni. Nikamuuliza mama kijana anayeishi upande wa pili. "Kusema ukweli sijui," akasema. "Nafikiri alichukuliwa na watoto wake. Ama alipelekwa hospitali." Lini? Hakujua. Hata dada yangu alidhani yumo ndani. Iliniuma, siwezi kukuficha.

Nikiwa bado pale mlangoni, akapita kijana mwenye begi, anatafuta nyumba ya kupanga.

"Hii nyumba iko wazi?" akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Hiyo nyumba iko na mwenyewe."

Akaenda zake. Mimi nikarudi kukaa kwenye benchi.