Notaire, Farasi wa Kupimia Wenzake

Shida zangu zilianza mwaka 1993, nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Vita vilinitoa Buyenzi, Bujumbura, nikaacha gereji yangu na spana zote zikining'inia ukutani. Shule niliishia darasa la tatu. Simwombi mtu radhi kwa hilo. Nilichojua nilikijua kwa mikono, na mikono nilikuja nayo.

Hapa Brussels niliosha sahani, nikapakua mizigo sokoni, mpaka 2002 nilipopata kazi kwenye zizi la farasi wa mbio, nje kidogo ya mji. Siku ya kwanza nilitoka Schaerbeek kwa basi la alfajiri, nimevaa viatu vyangu vya Ijumaa ili nionekane mtu. Msimamizi wa zizi, Mbelgiji mzee wa Kiflemi tuliyemwita Chef, aliviangalia vile viatu, kisha akanipa uma wa kuzolea samadi.

"Farasi unawajua?"

"Hapana. Najua injini."

"Afadhali. Wanaojua farasi ndio wanaonichosha."

Chef alinifundisha kazi, na maneno yake yalikuwa machache. Nilimwambia siku moja kwamba farasi fulani ni mzuri. Akanifokea: "Mzuri ni neno la wateja! Wewe niambie umeona nini." Basi nikajifunza kuona. Asubuhi, kabla ya kitu chochote, unapitisha kiganja kwenye ukano, ule mshipa mgumu wa nyuma ya mguu. Ukihisi joto, leo hakimbii. Unatazama hori: farasi mzima hulilamba likang'aa. Unamtembeza kwenye mchanga laini, unaangalia nyayo. Kwato ya nyuma ikikanyaga mbele ya alama ya kwato ya mbele, huyo ana hatua ndefu. Akimaliza shoti, unatazama pua zake zinavyotulia. Farasi mchanga anayehema kidogo tu na kuanza kutafuta majani, huyo mweke akilini.

Lakini hayo yote ni dalili. Hukumu alikuwa nayo Notaire.

Notaire alikuwa farasi wa kahawia, aliyehasiwa. Mbio kubwa hakushinda hata moja, ila mwendo wake haukubadilika: mvua, jua, tope, ni ule ule. Ndiyo maana tulimpa jina la yule mtu wa mihuri na hati. Kila farasi mchanga alikimbizwa ubavuni mwake. Ukiachwa na Notaire, unauzwa. Ukienda naye sambamba, utakula shayiri yako kwa halali. Ukimpita huku joki wako ametulia tu juu ya tandiko, bon, wewe ni mtu.

Chef alipostaafu, mwaka 2009, nilipewa nafasi yake. Hakuna aliyenionea huruma, niliipata kwa jasho langu. Juu yangu akabaki Patron, mwenye leseni, anayeamua nani akimbie wapi. Wakati huo kazi ilikuwa inakauka. Farasi waliobaki, zaidi ya nusu walikuwa wa mjane mmoja, Madame. Mwaka 2012 Madame alikuja na kusema bila kuzunguka: anazeeka, amechoka. Mirabelle, farasi wake jike wa miaka miwili, akiwa kweli na kitu, ataendelea nasi. Asipokuwa nacho, anauza wote. Tulielewa sote kwamba akiuza, zizi linafungwa.

Mirabelle nilimtunza mimi mwenyewe. Miguu baridi, hori linang'aa, hatua ndefu. Siku ya kupimwa, joki wa kukodi alimpanda Mirabelle. Notaire alipandwa na Célestin, Mkatanga wa Likasi, kule Kongo, mfupi, mdomo haufungi. Walitoka pamoja kwenye kona. Karibu na mwisho Mirabelle alimpita Notaire, joki wake ametulia kama mtu aliyekaa kwenye tramu. Patron alirusha kofia yake. Madame alilia, akanishika mkono wangu mchafu hivyo hivyo.

Célestin alirudi wa mwisho, Notaire amelowa jasho mpaka masikioni.

"Papa Hamisi, ule muzee leo alilala! Nilimusukuma, nilimusukuma, rien! Anazeeka sawa weye."

"Mzito ni wewe. Punguza bukari, huo ugali wenu."

"Bukari ya bibi yangu uiache! Alafu weye na ule muchele yako?"

Tulicheka, hata Patron akacheka bila kuelewa neno. Kisha wote tukaenda kumzunguka Mirabelle.

Mbio yake ya kwanza alimaliza katika wale wa nyuma. Tukasema uwanja ulikuwa na tope. Ya pili uwanja ulikuwa mkavu, na akamaliza nyuma vilevile. Patron akaagiza Mirabelle apimwe upya na Notaire. Safari hii Notaire hakufika kwenye kona. Alisimama mwenyewe, akatanua miguu ya mbele, na Célestin akaruka chini bila mzaha mdomoni.

Daktari wa mifugo alisikiliza kifuani muda mrefu. "Moyo," alisema. "Na haukuanza kuumwa leo."

Patron akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Kwa hiyo tulipima kwa mizani mbovu."

Madame aliuza. Mirabelle alipelekwa shule ya watoto wanaojifunza kupanda farasi, na nasikia hana ubaya. Hakumdanganya mtu. Zizi lilifungwa mwaka uliofuata. Notaire alikufa kabla, kwenye majani, mchana, amelala kama anayepumzika.

Miaka iliyobaki nilifanya usafi katika nyumba ya wazee kule Laeken, nikastaafu 2017. Vijana huniuliza nasikitikia nini, wanadhani nitasema zizi. Zizi lingefungwa tu, kama si mwaka ule basi mwingine. Ninachosikitikia ni kwamba kila asubuhi nilimpitishia Notaire kiganja kwenye miguu, na miguu ilikuwa baridi, sawasawa kabisa. Alikuwa akibakiza shayiri kidogo, nasi tukasema wazee huchagua chakula. Macho yetu yote yalikuwa kwa mtoto. Mzee tulimfanya rula, na rula nani anaiuliza inaumwa wapi?

Leo nina nyumba ya vyumba viwili Schaerbeek, imelipiwa yote. Nina baiskeli, redio, makoti mawili mazito, mswala kutoka Bujumbura, na jiko la gesi ambalo haruhusiwi mtu kuligusa. Farasi sikuwahi kuwa naye. Notaire alipokufa, Patron alinipa hatamu zake, akasema ni zangu kwa haki. Sikuzipokea. Hizo sina.