Mama Mawe na Mimea Inayokufa kwa Huruma

Saa tisa alasiri, wakati majirani wamejilaza wakisubiri jua lipunguze makali, Mama Mawe anapanda ngazi kwenda juu ya paa la nyumba anayopanga. Hana jembe wala ndoo. Ana brashi laini ya kupakia wanja, miwani ya kusomea na kimto cha kupigia magoti alichokishona mwenyewe.

"Ukija asubuhi utanikosa, niko sokoni kama watu wengine," anasema. "Maua haya yana maringo. Hayafunguki mpaka mchana uchoke, na jua likikaribia kuzama yanafunga duka."

Anapiga magoti mbele ya meza fupi iliyotundikiwa neti nyeusi ya kivuli. Juu ya meza zimepangwa trei za changarawe, na mtu asiyejua ataapa kwamba mwanamke mzima, mwenye akili zake, anachungulia kokoto. Ataapa hivyo mpaka aone kokoto moja imepasuka katikati na kutoa ua la njano, kubwa kuliko yenyewe.

Hii ni mimea. Kila mmoja ni majani mawili tu, manene, yaliyobanana na kuacha mwanya mdogo katikati. Asili yake ni jangwani, ambako hujifanya jiwe ili wanyama wasiitafune, na ndani ya majani hayo huweka akiba yake ya maji. Wakusanyaji wa mimea adimu huiita mawe hai. Majirani walianza kumwita mwenyewe Mama Mawe kwa kumtania, jina likanata, na siku hizi hata mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, amemhifadhi hivyo kwenye simu.

Leo brashi ina safari moja tu. Inachukua chavua kwenye ua la mmea wa kijivu na kuipeleka kwenye ua la jirani yake, mmea wa rangi ya damu ya mzee, usio na mwenzake hata mmoja juu ya paa hili.

"Tulia, bibi harusi," anaunong'oneza.

Mmea huo mwekundu ulitoka kwenye trei ya mbegu za kawaida, miaka minne iliyopita. Ndugu zake wote walikuwa wa kijivu. Huo mmoja ukaja na rangi yake, na Mama Mawe anasema alipouona mara ya kwanza alidhani ni punje ya harage imedondoka kutoka jikoni. Ulipokua, wakusanyaji wakaanza kupiga simu. Mmoja wao, daktari wa meno, alikuja na kopo la kuubebea na fedha za kutosha kulipa kodi ya nyumba mwaka mzima. Akarudi na kopo lake tupu.

"Nisikudanganye, niliumia," anakiri. "Lakini mmea mmoja peke yake haujizalishi. Unataka chavua ya mwingine. Angeuweka kabatini akaupiga picha, siku ukifa rangi hii imekwenda nao. Mimi nataka mbegu zake. Nikipata mbegu, hata yeye nitamuuzia, tena kwa bei nafuu, maana ni mteja mzuri na meno yangu ameyang'oa bila kunitoza."

Kabla ya mawe alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Mteja mmoja aliyekuwa anahama alimwachia kikopo cha vijiwe kama zawadi ya kuagana, bila maelezo yoyote. Fundi akadhani ni pambo. Akaviweka dirishani, na siku za upepo alikuwa akichukua kikopo kizima kukandamizia karatasi za kukatia vitambaa. Alikaa nacho hivyo miezi mingi bila kukitia maji. Siku moja akainua kichwa kutoka kwenye cherehani, akaona jiwe limechanua.

"Niliita mtaa mzima," anacheka. "Mmoja akasema tuombe dua. Mwingine akaniuliza kama nalala vizuri."

Baadaye alimtafuta yule mteja kwa simu, akaelezwa. Akagundua kwamba ile mimea iliishi kwa sababu hakujua ni mimea. Angejua, angeimwagilia ikafa wiki ya kwanza.

Leo ana zaidi ya miche elfu moja, mingi bado michanga, yote ameiotesha kwa mbegu. Hauzi mimea iliyong'olewa porini. Kuna wakati alijiwa na mtu mwenye gunia zima la mawe hai yaliyochimbwa jangwani, mengine yana umri sawa na wa kwake. Alimpa maji ya kunywa, akamsindikiza mpaka mlangoni. Mche wake wa miaka mitatu huuzwa kwa bei ya kilo mbili za sukari, na ule wenye rangi isiyo ya kawaida hufika bei ya godoro. Mwezi mzuri humpa mara mbili ya alichokipata kwenye cherehani. Mwezi mbaya humpa nauli, na mara nyingine hata hiyo humwomba mumewe.

"Watu wananiambia mvumilivu hula mbivu," anasema. "Hizi zangu hata haziliwi."

Chini, sebuleni, cherehani ya zamani imefunikwa shuka. Kando yake ameketi mama mkwe wake, anayeitwa na wote nyumbani Bi Mkubwa, akikunja nguo zilizoanuliwa. Magoti yanamsumbua, lakini ulimi uko salama. Anaposikia kwamba mgeni amekuja kuandika habari za mawe, anaweka shati pembeni.

"Basi andika na hili," anasema. "Niliyeyaua ni mimi."

Kisa chenyewe ni cha mwaka jana. Kila mwaka, baada ya maua kunyauka, mimea hii huanza kukuza majani mapya mawili ndani ya yale ya zamani. Majani ya zamani huyapa yale mapya maji yake yote, yakisinyaa kidogo kidogo mpaka yanabaki makavu kama ganda la kitunguu. Katika miezi hiyo mkulima hatakiwi kutia hata tone. Akimwagilia, ya zamani hunenepa tena, mapya hubanwa ndani, na mwisho wake ni kupasuka na kuoza.

Mama Mawe analijua hilo kama anavyojua njia ya nyumbani kwake. Lakini alipoondoka kwenda kumuuguza binti yake aliyeolewa mji mwingine, aliacha maagizo ya gesi, ya tangi la maji na ya mlango unaogoma. Ya mimea hakuacha.

"Ningeagiza nini?" anauliza. "Kazi yenyewe ilikuwa kutofanya kitu. Nikaona hakuna cha kusema. Hapo ndipo nilipokosea."

Bi Mkubwa alipanda juu kuanika kanga, akakuta mimea imekunjamana. "Nikasema maskini, mke wa mwanangu kaondoka na mawazo, kavisahau viumbe vya watu. Nikashuka nikajaza jagi. Na magoti haya, kila siku ya Mungu, napanda nashuka, napanda nashuka."

Mimea ikaitikia. Ikanenepa, ikang'aa. Mama Mawe aliporudi, Bi Mkubwa hakumwacha hata aweke mkoba. Alimshika mkono akampandisha juu akamwambia aone jinsi wanawe walivyolelewa.

"Niliona unene ule, nikajua," anasema Mama Mawe. "Maji yakishamwagika hayazoleki. Nikamwambia ahsante, mama. Ningesema nini kingine? Mtu kakupendea vitu vyako mpaka miguu imemvimba."

Siku chache baadaye trei zilianza kunuka. Mimea ilipasuka mmoja baada ya mwingine, ikalegea kama nyanya zilizochemshwa. Sehemu kubwa ya kazi ya miaka mitano ilikwenda kwenye pipa la taka. Ule mwekundu ulikuwa umechanika upande mmoja. Aliung'oa, akakata palipooza kwa wembe, akaupaka mdalasini wa unga kukausha kidonda, akaulaza juu ya gazeti kivulini bila udongo wala maji. Ulikaa hapo wiki nyingi kama kitu kilichotupwa, kisha ukatoa majani mapya mawili, madogo, mekundu.

Bi Mkubwa hakuambiwa lolote. Aliona mwenyewe alipokwenda kutupa maganda, pipa limejaa mimea aliyoilea. Tangu siku hiyo hakupanda tena juu ya paa. Nguo zake aliomba aanikiwe.

"Sikusemwa hata neno," anasema, na sauti inapungua. "Afadhali ningegombezwa. Ukigombezwa unajibu, mnanuniana, yanaisha. Ukinyamaziwa unabaki nalo."

Ndiyo maana mambo ya alasiri hii si madogo kama brashi inayoyafanya. Chavua ikishika, ua litaacha kifuko kidogo cha mbegu, na kifuko hicho kitachukua miezi kukomaa. Katika miezi hiyo hiyo mmea utaanza kubadilisha majani. Na katika miezi hiyo hiyo binti atajifungua mtoto wake wa kwanza, na Mama Mawe hana mpango wa kusubiri kusimuliwa.

Safari hii hatari ni mbili. Kule jangwani mbegu hizi hungojea mvua: kifuko kikilowa hufunguka chenyewe, na matone huzirusha nje. Mbegu zenyewe ni kama vumbi. Tone moja la huruma likiangukia hapo, zimepotelea kwenye changarawe, na maji yale yale yanaweza kuuozesha mmea.

Daktari wa meno amejitolea kuutunza nyumbani kwake, kwenye chumba cha vioo chenye kipimajoto. Mume, kwa simu kutoka barabarani, amesema hilo ndilo la busara. Mama Mawe amewashukuru wote wawili.

"Mmea nitauacha hapa, kwa mama," anasema tukiwa tena juu ya paa, huku akipangusa brashi. "Nikiupeleka kwa daktari, hakuna atakayemwambia kwa nini, lakini atajua. Hatapanda tena huku juu mpaka anakufa. Nikikuambia siogopi nitakuwa mwongo. Naogopa sana."

Anakwenda mpaka kwenye ngazi, anaita. Anaita tena. Kisha zinasikika hatua za Bi Mkubwa, nzito, na kiganja kinachotambaa ukutani. Anatokeza, anasimama mbali na meza, mikono nyuma.

Mama Mawe anamvuta karibu na kumwonyesha ua. Anamweleza yote ambayo hakuyaeleza mwaka jana: majani yanayonyonyesha, kifuko kisichotakiwa kulowa, miaka mingi inayosubiriwa. Huenda watoto wa kwanza wa mmea huu wakatoka wa kijivu wote, anasema, kisha wekundu ukarukia wajukuu.

"Mwanangu, mimi sitaufikia huo wakati," anasema Bi Mkubwa.

"Basi nianzishie tu."

Bi Mkubwa anainama, anautazama mmea. "Kiumbe hiki kikianza kusinyaa?"

"Kiache, mama."

"Kikisinyaa sana, kikawa kama mimi?"

"Kiache hivyo hivyo. Usikitie maji hata kidogo."

Bi Mkubwa, aliyelea watoto wanane na wa majirani wasiohesabika, hajawahi kuambiwa amwache mwenye kiu. Anavuta neti ya kivuli, anaufunika vizuri upande uliokuwa wazi.

"Nenda ukampokee mjukuu wako," anasema mwishowe. "Huruma ikinizidi nitakupigia simu. Na safari hii unigombeze."

"Nitakugombeza, mama," anasema Mama Mawe.