Shukrani Ambazo Bibi Nkwimba Hakuzitoa

Mke wangu hapendi niisimulie habari hii, anasema aibu ya mtu haipelekwi mnadani, na mimi humjibu kwamba aibu yenyewe ilinipata huko huko uwanja wa mnada, tena mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama, kwa hiyo hakuna cha kuficha, heri niisimulie mwenyewe kuliko kuisikia kwa watu ikiwa imeota mkia.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mkalimani. Si wa kusomea, ni wa kanisani tu: akija mhubiri asiyejua Kisukuma, mimi ndiye ninayesimama pembeni yake nikiwageuzia wazee maneno, na niseme ukweli, mahubiri ukiyaongezea chumvi kidogo hakuna anayeumia (kuna mhubiri mmoja anasifiwa mpaka leo kwa mfano wa mbuzi na fisi ambao hakuwahi kuutoa). Basi mkaguzi mpya wa polisi wa kata yetu, mama mmoja mtaratibu kutoka Tanga, alipoitisha mkutano ili asikie wananchi wanawaonaje polisi wao, mwenyekiti wa kijiji hakufikiri mara mbili, akasema aitwe Baba Limi, yaani mimi.

Watu walijaa. Kusema sasa, hakuna. Kila mtu anatazama viatu vyake. Si kwamba hatukuwa na la kusema, jamani, majumbani tunawasema polisi mpaka ugali unapoa, ila koplo wa kituo chetu alikuwa ameketi kulia kwa mkaguzi, daftari mapajani, na nani anataka jina lake liingie humo.

Ndipo akanyanyuka Bibi Nkwimba, mjane, mwembamba, asiyejua Kiswahili zaidi ya kununulia chumvi. Bibi huyu alikuwa na maksai wawili wa kulimia. Mmoja, jina lake Waziri (msiniulize, marehemu mumewe ndiye aliyempa), aliibiwa wakati wa kiangazi, polisi wakamkamata mwizi akiwa njiani kumpeleka Geita kwenye mabucha ya wachimbaji, kazi nzuri kabisa, tuliwasifu. Shida ni kwamba Waziri akabaki kituoni kama kidhibiti, kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na sasa mvua zilikuwa zimeshanyesha mara mbili, wenzake wanapanda, yeye amebaki na maksai mmoja ambaye peke yake havuti plau. Ana wajukuu wanne wanaokula kutoka shamba lile. Mvua za kwanza zikimpita, na mwaka umempita.

Akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika, kwamba polisi walimkamata mwizi wa kwanza wa ng'ombe wake, halafu wao wakawa mwizi wa pili.

Nikamtazama koplo. Koplo akanitazama. Na pikipiki yangu, mnajua, haikuwa na bima. Nikajiambia sidanganyi, nakata tu kipande cha mwisho, nikasema, "Bibi anawashukuru polisi kwa kumkamata mwizi wa ng'ombe wake."

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo kiasi hicho. Mkaguzi akatabasamu, akaandika. Bibi akaendelea, kwamba ameshakwenda kituoni mara nne kwa miguu na kila akifika anaambiwa njoo Jumatatu. Sasa ningeanzaje kulalamika wakati nimeshashukuru? Nikasema bibi amekwenda kituoni mara nne kwa miguu yake mwenyewe kutoa shukrani. Bibi akasema kila asubuhi Waziri anafungwa mkokoteni kuwatekea askari maji, wajukuu wamemwona kwa macho yao. Nikasema bibi anashukuru pia kwamba Waziri hakai bure, anafanyishwa mazoezi.

Mkaguzi akashtuka, akauliza ni waziri gani huyo anayefanyishwa mazoezi kituoni kwake. Nikaeleza kwamba ni ng'ombe. Watu wakaangua kicheko, maana karibu wote pale wanaelewa lugha zote mbili, walikuwa wanasikia kinachoingia na kinachotoka, na wale wa nyuma walishaanza kuegemeana, lakini hakuna hata mmoja aliyesimama kusema mkalimani huyu anapotosha. Mkaguzi akaomba bibi apigiwe makofi. Mwenyekiti akapiga, karibu peke yake.

Bibi Nkwimba hakuelewa. Aliona vicheko, akasikia makofi, akadhani anachekwa yeye. Akajifunga upya kanga yake, akaanza kurudi kukaa. Niliona midomo yake inatetemeka, na bado sikufungua kinywa. Hiyo ndiyo aibu yangu hasa, kuliko yote yaliyofuata.

Mkaguzi akamwashiria bibi asubiri, kisha akanigeukia mimi, taratibu kabisa.

"Baba Limi, nina wiki tatu tu huku, Kisukuma sikijui. Ila neno moja kila mtu ananifundisha, wabeja. Ndiyo asante, siyo?"

Nikasema ndiyo, afande.

"Bibi ameongea muda wote huu, na wewe umenishukuru mara tatu. Mbona sijasikia wabeja hata moja?"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa fupi kupita kiasi. Hakuna aliyecheka tena. Nikafikiria kusema kwamba bibi anatumia Kisukuma cha zamani, wallahi nilifikiria, kisha nikamwona yule mama mzee amesimama katikati ya uwanja hajui akae au aondoke, roho ikaniuma. Nikavua kofia. Nikamwambia bibi kwa Kisukuma kile nilichokuwa nimesema kwa niaba yake, na yeye akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyemwaga maziwa, akasema nianze upya, nisiache hata lile la maji.

Nikaanza upya. Mwizi wa pili, nikasema. Njoo Jumatatu, nikasema. Mkokoteni wa maji, nikasema, na sauti ikitetemeka kama ya mtoto wa kipaimara. Mkaguzi aliandika kila kitu, halafu akamuuliza koplo kama ni kweli. Koplo akasimama, akajibu kwamba ni kweli afande, pampu ya kituo ilikuwa imeharibika.

"Kwa hiyo pampu yetu ikiharibika, bibi asilime?"

Mkaguzi akatueleza wote kwamba ng'ombe wa kesi anaweza kupigwa picha, picha zikabaki kwa ushahidi, na mwenye mali akaruhusiwa na mahakama kumchukua, na kwamba kesho yake ataifuata ruhusa hiyo yeye mwenyewe. Akasema Alhamisi Waziri asipokuwa kwa bibi, Ijumaa tukutane pale pale, na safari hiyo yeye ndiye atakayesimama tumuulize. Mimi akaniambia kwamba ningemwacha aondoke siku ile akiamini kituo chake hakina tatizo, na kwamba mtu wa namna yangu anamponza askari kuliko adui.

Lakini hapo sasa ndipo watu walipoanza kunyoosha mikono. Wa kwanza, wa pili, wa tano, kila mmoja na Kiswahili chake kilichovunjika, na mmoja alisimama kuwasifu askari waliomkimbiza mkewe hospitali, akaeleweka kuwa anasifu kweli kwa sababu waliomtangulia walikuwa wamelalamika kweli. Mkalimani hakuhitajika tena. Niliapa siku ile kwamba neno la mtu nitalifikisha kama lilivyo, hata likiwa na miba, na Jumatatu nikakata bima.

Alhamisi Waziri alikuja. Aliyemleta ni yule koplo mwenyewe, kwa miguu, kamba mkononi, suruali ina matope hadi magotini. Mimi nilikuwa shambani tayari, maana bibi alikuwa ameniadhibu nishike plau (mimi wa kushika vitabu vya nyimbo). Tukawafunga maksai wote wawili nira, koplo akashika kamba mbele, tukaenda, na mstari wangu ukapinda kama nyoka. Bibi Nkwimba akaanza kufoka kutoka ukingo wa shamba. Koplo, naye Kisukuma hakijui, akasimama, akageuka na wasiwasi, akaniuliza bibi anamlalamikia nini tena.

Nikafuta jasho.

"Wewe hajakutaja," nikamwambia. "Anasema mimi ni mpumbavu, sijui kulima, na mke wangu alipunjwa."