Mti wa Watu Wawili

Chien Pi-yun alikuwa na miaka arobaini na moja, na nyuma yake mikataba mitano ya kazi ya miaka miwili miwili. Kazi yake ilikuwa kueleza, kwa hesabu za kompyuta, jinsi saratani inavyokua ndani ya mtu: seli ipi ilibadilika kwanza, ipi ikatokana nayo, ukoo mzima mpaka uvimbe wa leo. Akikuchorea, utaona mti wenye shina na matawi. Alikuwa hodari, na hakuona haya kulijua hilo.

Jicho lake lilinolewa kijijini Houbi, kwenye banda la maua ya okidi la mama yake. Okidi moja huzalishwa mabinti elfu ndani ya chupa, wote sura moja. Kibandiko kikikosewa, utajua baada ya miaka mitatu, ua likichanua njano mahali pa jeupe. Kwa hiyo mama hakuamini vibandiko. Alilipindua jani, akalitazama, akasema, "Huyu si wetu," na mara nyingi alikuwa sahihi.

Sasa taasisi moja ya Taipei ilikuwa imetangaza nafasi ya kudumu ya utafiti, ya mwisho ambayo umri wake ungemruhusu kuiomba. Asubuhi ya usaili mama alipiga simu.

"Umevaa lile koti la buluu?"

"Nimevaa, Mama."

"Na mdomo umeuvalisha nini? Wewe ukiona kosa hutulii."

"Leo nitakuwa baridi kama maji ya mtungi."

"Haya. Kama nisingekuzaa mimi, ningekuamini."

Wiki moja kabla, waombaji wote walikuwa wamepewa data ileile: sampuli nne za saratani ya utumbo za mgonjwa mmoja, wachore mti wake. Data ilikuwa ya Profesa Hung, mwenyekiti wa jopo la usaili, na ndiyo iliyompa jina. Alikuwa ameandika kwamba uvimbe ule uligawanyika mapema ajabu, hata matawi yake mawili hayakuwa na shina la pamoja.

Kwenye usaili, Pi-yun aliwaonyesha jopo mti aliouchora. Ulikuwa mzuri, na wajumbe waliitikia kwa vichwa. Kisha akauondoa ukutani.

"Huo ndio mti mlioniomba," alisema. "Programu ukiiomba mti itakupa mti, hata ukiilisha mawe. Lakini sampuli mbili hizi na mbili zile zina badiliko moja tu la pamoja, na hilo wanalo wagonjwa wa saratani ya utumbo chungu nzima. Hakuna shina kwa sababu hakuna undugu. Profesa, hawa ni watu wawili. Mtu alikosea vibandiko."

Profesa Hung alivua miwani. "Daktari Chien, data hii ina miaka mitatu. Imepitiwa na watu wenye mvi."

"Mvi hazisomi vibandiko, Profesa."

Mjumbe mmoja alikohoa ili asicheke.

"Unakumbuka kwamba unaomba kazi kwangu?"

"Nakumbuka, na naihitaji sana. Lakini mkiniajiri, hiki ndicho mtakachokuwa mnanilipa nikifanye."

Alitoka nje ya jengo. Hakujuta, ila aliogopa waziwazi, akaenda kula mabakuli mawili ya wali wa nyama ya nguruwe ndipo akampigia mama.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Basi njoo tuoshe chupa," mama alijibu, akacheka peke yake.

Zilipita siku kumi na moja. Ya kumi na mbili, Pi-yun akiwa anaosha vyombo vya kifungua kinywa, simu ikalia.

"Ni mimi, Hung. Vipande vya uvimbe vilivyobaki kwenye friza ya hospitali nimevipimisha upya." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Ni watu wawili."

Siku zote hizo Pi-yun alidhani angefurahi kuyasikia maneno hayo. Hakufurahi.

"Wako hai, Profesa?"

"Mmoja alifariki mwaka juzi. Mwingine bado anatibiwa. Daktari wake alimchagulia dawa kwa kufuata mti wangu."

Pi-yun alifunga bomba.

"Nafasi ni yako," Profesa aliendelea. "Karatasi zitachukua mwezi, lakini usizingoje. Njoo kesho tuuchore mti wa huyu aliye hai, peke yake."

"Nakuja sasa hivi," alisema Pi-yun, mikono ikiwa bado na povu. "Mpigie daktari wake."