Nabintu Tuliyemwacha Amefungwa

Asubuhi ile mimi na mdogo wangu Nabintu tulikuwa Sange, mu shamba la mpunga, tunafukuza ndege. Yeye alipiga debe, mimi nilipiga kelele. Mara debe likanyamaza. Nilimkuta amekaa mu matope, anahema kama mtu aliyekimbizwa, mkono juu ya moyo.

"Dada, niko nakufa."

"Weye ulikufa na juzi," nikamwambia. "Na jioni ukamaliza bugali yote."

Akacheka, meno yanagongana. Nikakaa naye palepale, nimemshika mkono bila maneno, vile alivyopenda. Ikapita. Ilikuwa inapita kila mara. Mimi nilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Zakaria, aliyejiita mchungaji, alisema ni pepo. Akamweka mu chumba chake cha maombi, bila chakula, mikono imefungwa na kamba ya mbuzi. Mume wangu Bisimwa alimpelekea jogoo wa shukrani. Mimi nilipeleka maji tu, nikarudi nyumbani.

Siku ya tatu askari wakaingia kutoka upande wa Kamanyola. Ilikuwa saa nne asubuhi, watu wako sokoni. Tukapanga kukimbilia mto Ruzizi, tujifiche mu matete, tutafute mtumbwi wa kutuvusha Burundi.

Nilikimbia kwanza mu chumba cha maombi. Nikashika kamba nimfungue.

"Acha," Zakaria akasema. "Pepo likimpanda mu matete, atalia. Tutakufa wote."

"Tutamrudia," Bisimwa akasema. "Twende, mama watoto."

Nabintu hakuhema. Hakutetemeka. Siku hiyo yeye peke yake ndiye aliyetulia.

"Dada, minye hatari hii siiogopi. Nifungue tu."

Nikaachilia kamba, fundo bado limekaza, nikawafuata.

Mu matete askari walipita karibu, tukaona viatu vyao.

Aliyelia ni mimi.

Kifua kilibana. Vidole vikafa ganzi. Nilijua ninakufa. Bisimwa akaniziba mdomo na kitenge. Askari wakapiga risasi mbili juu ya vichwa vyetu, wakaendelea na njia.

Mu kambi, kule Burundi, muuguzi mmoja aliniambia ile ni maladi ya hofu, ugonjwa usioua mtu. Akasema wako wagonjwa wanaotetemeka siku ya amani, lakini hatari ya kweli ikifika wanatulia kuliko sisi.

Tuliporudi, chumba cha maombi kilikuwa majivu. Jirani yetu Mama Feza, aliyebaki, alisema askari walikichoma mchana uleule.

"Alilia?" nikamuuliza.

"Hapana. Aliita jina lako mara mbili, polepole, kama mtu anayeomba maji."

Bisimwa amekufa. Zakaria yuko, ana kanisa la mabati, anahubiri. Nawataja ili wajulikane. Lakini kamba ilikuwa mu mkono wangu.

Ile hofu ya matete hunirudia mpaka leo, hata sokoni. Watu hunikalisha chini, wananipepea, wananipa maji. Mpaka leo hakuna aliyenifunga.