Chai ya Mkono Mmoja

Kwenye msiba wa daktari, nyumbani kwao Ngokolo, mama mmoja aliyekuwa akigawa chai alimkemea binti yangu mbele ya watu.

"We mtoto, pokea kwa mikono miwili! Kwenu hawafundishi adabu?"

Binti yangu alinigeukia. Mimi ndiye niliyemzoesha kupokea kwa mkono mmoja, na aliyenifundisha mimi ndiye tuliyekuwa tumetoka kumzika.

Nilimfahamu daktari kwenye machimbo ya Mwakitolyo, mume wangu alipokuwa akichimba dhahabu huko. Alikuwa mama wa makamo, ameacha kazi hospitali kubwa na kufungua zahanati ndogo Kahama, kwa sababu alichoka kupokea watu wa machimboni wakiwa wameshaharibika. Kila Jumapili alikuja machimboni na chupa kubwa ya chai. Watu walimwita Daktari wa Chai, wengine kwa kumpenda, wengi kwa kumcheka. Akiingia kwa mtu hakuanza na dawa. Alijaza kikombe mpaka ukingoni, akampa mtu, akatazama.

Sisi tulichoma dhahabu ndani. Ikishashikwa na zebaki inakuwa donge jeupe. Unaliweka kwenye kikaango juu ya mkaa, zebaki inatoka kama moshi, dhahabu inabaki. Nilichoma mimi, katika chumba tulicholala, komeo limefungwa na dirisha limezibwa kwa gunia. Hatukuwa wajinga. Jirani yetu alichomea uani, watu wakaona alichopata, wakamfuata wakamkata mapanga. Alikufa kabla gari halijafika. Tangu hapo, kila nikisikia kokoto zinalia nje nilifunika kikaango kwa kanga na kubana pumzi. Nilikuwa na mimba ya huyu binti.

Siku daktari alipoingia nyumbani kwetu, mume wangu alipokea kikombe kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

"Tumia mkono mmoja, mwanangu," daktari alimwambia. "Mimi si mama mkwe wako."

Mume wangu alicheka. "Daktari, kwetu kitu cha mkubwa hakipokelewi kwa mkono mmoja."

"Najua, hata mimi ni Msukuma. Ila tangu nianze kuja huku sijaona mahali wanaume wana adabu kama hapa."

Mume wangu aliacha kucheka. Alikiweka kikombe chini. "Basi sitaki chai."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa miezi kadhaa alikuwa akinipa kila kitu kwa mikono miwili, hata sabuni. Nilikuwa nimefurahi. Nilidhani amekuwa mpole kwa ajili ya mimba, kumbe mkono mmoja ulikuwa ukiuzuia mwingine usitetemeke.

Kikombe cha pili nilipewa mimi. Chai ilitulia, au nilidhani imetulia. Daktari aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nikamwuliza, "Na wa tumboni?"

"Sijui, mayu," alisema, akiniita mama kwa lugha ya kwetu. "Nikikwambia yuko salama nitakuwa nimekudanganya. Huo moshi wa zebaki ndio unaotetemesha mikono. Toka humo leo."

Nilitamani anidanganye.

"Nje wataniua," mume wangu alisema.

Daktari hakubisha. Alisema, "Mwizi umemfungia nje. Huyu mwingine umejifungia naye ndani." Akafunga chupa yake, akaenda moja kwa moja kwa wazee wa sungusungu.

Aliwafuata wale walinzi wa kijiji Jumapili baada ya Jumapili mpaka wakakubali. Likajengwa banda lisilo na kuta, mbali na nyumba, na daktari akaleta chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba la kurudisha zebaki. Watu wangechoma mchana, wanasungusungu wamesimama kando na pinde zao. Lakini siku ya kwanza hakuna aliyesogea. Hawakuogopa wezi peke yao. Mwanaume akionekana anatetemeka, hakuna atakayemwamini kushika kamba ya shimo wakati mwenzake yuko chini.

Mume wangu alilijua hilo. Alitazama tumbo langu, akaenda. Aliinua mfuniko kwa mkono mmoja, na alipouweka, chuma kiligongana na chuma, nge-nge-nge-nge, uwanja mzima ukasikia.

"Baridi gani hiyo saa saba mchana?" mchimbaji mmoja alipaza sauti. Watu wakacheka.

"Njoo uushike wewe," daktari alimwambia.

Yule mchimbaji akaingiza mikono mfukoni. Wengine nao wakaacha kucheka. Mume wangu akawasha moto.

Hakuitwa tena shimoni. Tulihamia Kahama, akaanza kuuza mchele sokoni. Mikono yake ilitulia, ingawa si kabisa. Daktari aliendelea na machimbo mengine hadi upande wa Geita. Mahali pamoja walimfukuza na kuivunja chupa yake. Alinunua nyingine. Hakusimama mpaka presha ilipomwangusha.

Binti yangu hana ugonjwa ninaoweza kuutaja. Hesabu zinamshinda, mwalimu anasema ni uvivu. Kila mwaka nilimpeleka kwa daktari, naye alimjazia kikombe, akatazama, akasema, "Haya, mwakani tena." Sikumwuliza kwa nini mwakani tena. Nilishukuru na kuondoka haraka, asije akaongeza neno.

Pale msibani nilimwambia yule mama, "Niachie mimi, dada." Nilichukua birika, nikajaza kikombe mpaka ukingoni, nikampa mwanangu. Akakipokea kwa mkono mmoja. Yule mama akasonya. Nikainama kutazama, kama daktari alivyokuwa akifanya.

Juu ya chai kulikuwa na mikunjo midogo. Turubai lilikuwa likipigwa na upepo, na mwanangu alikuwa ametoka kukemewa mbele ya watu. Nilisubiri upepo utulie. Mtu pekee ambaye ningemwuliza alikuwa ameshafukiwa.