Viroboto wa Nyumba ya Bi Mwanahawa

Mwanangu, umeniuliza kama umfukuze mbwa wako kwa sababu ya viroboto. Kaa kidogo. Nakumbuka yaliyotokea Kariakoo miaka ile ya hamsini, nilipokuwa nakaa kwa kaka yangu Shabani kabla sijaolewa.

Nyumba ilikuwa ya Bi Mwanahawa, mjane wa hapa hapa pwani. Vyumba vya kupanga vilikuwa pande zote mbili, ukumbi katikati, ua nyuma. Chumba cha mbele alipanga Elia, Mchaga aliyetoka Kilimanjaro, akauzia maharage mle mle. Alikuwa na mbwa wa kulinda magunia, jina lake Jasiri. Mbwa huyo alilala ukumbini juu ya gunia kuukuu, karibu na mlango wetu.

Siku moja wifi yangu Mwajuma alimvua mtoto wao, Zuhura, nguo amwogeshe. Zuhura alikuwa hajaanza hata kutembea. Miguu yote ilikuwa na alama nyekundu, na alipojikuna palikuwa pamegeuka vidonda. Shabani alimtazama mwanawe. Asubuhi yake Elia alipokwenda kuchukua mzigo, Shabani alimfunga Jasiri kamba akaondoka naye. Alirudi peke yake.

Elia alizunguka mtaa mzima akipiga mluzi na kuuliza watu. Alipomfikia Shabani, Shabani alimjibu kwamba hajui. Mimi na wifi pia hatukujua.

Sasa sikia. Badala ya kupungua, viroboto walizidi. Ukipita ukumbini wanakurukia vifundoni. Wakaingia kwenye mikeka, wakaingia kitandani. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, na Mwajuma akaanza kufunga nguo zake, anataka kurudi kwao Bagamoyo. "Nyumba hii itaniulia mtoto," alisema.

Bi Mwanahawa akatuita wapangaji wote baada ya sala ya alasiri. Alitandika kitambaa cheupe ukumbini, pale pale alipokuwa akilala mbwa, akatuambia tutazame. Haukupita muda, kitambaa kikawa na vidoa vyeusi vinavyoruka.

"Mbwa hayupo," alisema. "Hawa wametoka wapi?"

Akainama, akakwaruza ufa wa sakafu kwa ukucha.

"Wako kwenye vumbi. Mayai yanadondoka kwenye nyufa za sakafu, yanaanguliwa humo humo. Zamani walikuwa wanamla mbwa. Mbwa kaondoka, wanatula sisi." Kisha akamgeukia kaka yangu. "Shabani, mwanao ndiye aliyeumwa kuliko wote. Yule mnyama umempeleka wapi?"

Shabani aliinamisha kichwa. "Buguruni, Bi Mkubwa. Nilimwacha kule mashambani."

Elia alisimama. "Buguruni! Nimezunguka kumtafuta kama mwehu, na wewe unanisalimia kila asubuhi?"

"Mwanangu alikuwa anaumia, Elia."

"Ungeniambia! Hata mimi ninaumwa. Tazama miguu yangu!" Akapandisha suruali, na kweli, miguu yake ilikuwa kama ya Zuhura.

Shabani akasema kwamba mbwa ni najisi na hakutaka tena kumshika. Bi Mwanahawa hakupandisha sauti. "Najisi utaosha kwa maji. Uongo uliomwambia jirani yako utauosha na nini? Nenda kamlete."

Alikwenda. Sisi tuliobaki tulitoa kila kitu nje. Mikeka na magodoro tukaanika juani, nguo tukachemsha, gunia la mbwa tukalichoma pamoja na taka tulizofagia pembeni na chini ya vitanda. Elia alihamisha magunia yake yote ya maharage, tukamwaga maji ya moto kwenye nyufa.

Shabani alirudi jua likizama, Jasiri akimfuata kwa kamba, mbavu zimemtoka. Wauza mkaa wa kule Buguruni walikuwa wamempa makombo. Elia hakumshukuru wala hakumtukana. Alichota maji na sabuni, akaanza kumwosha mbwa wake uani, na Shabani akaendelea kushika kamba mpaka mwenzake alipomaliza. Ndipo Shabani akaenda kujitwaharisha, kuiosha ile najisi.

Kazi ile tuliirudia mara nyingi, maana mayai yaliyobaki yaliendelea kuanguliwa. Vidonda vya Zuhura vikapona. Mwajuma akafungua furushi lake. Elia na kaka yangu walichukua muda kuzoeana tena. Walianza kwa salamu tu, baadaye kahawa barazani. Zuhura alipoanza kutembea, mtu wa kwanza aliyemwendea alikuwa Elia.

Basi, mwanangu, usimfukuze mbwa. Anza na pale anapolala. Fagia pembe zote, taka zitoe nje, usizisukume tu chini ya kitanda. Matandiko yafue kwa maji ya moto na uyaanike jua kali. Mbwa mwoshe kwa sabuni, mchane kwa chanuo lenye meno membamba, na usimpake mafuta ya taa, yatamchubua. Ukiona wamepungua usiache, rudia. Wakikushinda, muone bwana mifugo. Na kama mbwa ni wa jirani, mgongee mlango umwambie kwa mdomo wako kabla hujafanya lolote. Huenda naye anajikuna kama wewe.

Mungu akupe nyumba yenye usingizi mtulivu, watoto wenye afya, na majirani utakaoweza kuwatazama usoni kila asubuhi. Amina.